Usichomee Hapa, Mama

Kazi yangu ni kuua seli. Siku hizi sisemi hivyo ovyo, maana mara ya kwanza nilipomweleza mama mwenye nyumba wangu pale Chang'ombe, Dodoma, aliniuliza kama wakubwa wa chuo wanajua. Wanajua, na kibali wamenipa wao. Nachukua damu ya watu waliojitolea, wengi wao wanafunzi, natenga zile seli nyeupe ambazo shuleni tulifundishwa kuziita askari wa mwili, nazimwagia chumvi ya zebaki iliyoyeyushwa, kidogo sana, halafu nakaa kusubiri zife. Zikishakufa ndipo natazama zimekufaje.

Swali lenyewe ndilo hilo, zimekufaje. Seli ikiunguzwa na moto hupasuka na kumwaga vilivyomo, na mwili mzima hupata habari, panavimba, panauma, watu wanakuja kuangalia. Zebaki ikiwa kidogo haipasui kitu. Inaingia na kung'ang'ania salfa iliyomo kwenye protini, inamaliza ile akiba ambayo seli huitumia kujisafisha na sumu. Akiba ikiisha, mitokondria, zile mashine ndogo zinazoipa seli nguvu, zinaanza kuvuja. Hapo seli hujipa yenyewe amri ya kufa, na kuitii. Inasinyaa, inakatakata vinasaba vyake, inajifunga katika vifurushi vidogo, na upande wa ndani wa utando wake inautoa nje, ili seli nyingine zijue kwamba huyu ameshakwisha, aliwe. Mimi huziwekea rangi inayoshika kwenye utando huo uliogeuzwa. Ukiziangalia kwa hadubini, zilizokwisha kuamua kufa zinang'aa kijani. Nyingi bado zina umbo zuri kabisa, ungeapa ni nzima. Lakini zikishafika hapo sijawahi kuona hata moja iliyorudi.

Nilizipenda picha zile, ni lazima niseme ukweli. Nilikuwa nazo kwenye simu, nikiwaonyesha watu kama wengine wanavyoonyesha picha za watoto wao. Msimamizi wangu, mzee mpole asiyepandisha sauti, alisema ni kazi safi. Nami nilikuwa natembea kwenye korido za chuo nimejaa kama nimevumbua zebaki mwenyewe.

Zebaki niliijua tangu utotoni. Mama yangu alikuwa mchomaji wa dhahabu.

Kwetu ni milimani, juu ya Kibakwe, na huko kuna wachimbaji wadogo wanaotafuta dhahabu kwenye mashimo wanayoyaita maduara. Jiwe linasagwa, linaoshwa, na ule mchanga mzito unaobaki unachanganywa na zebaki kwenye karai, kwa mkono mtupu, mpaka zebaki iikamate dhahabu yote. Wanaikamua kwenye kitambaa, linabaki donge la rangi ya bati, laini, linalobonyea kwa kidole. Donge hilo lazima lichomwe ili zebaki itoke kama mvuke na dhahabu ibaki. Hapo ndipo walipomhitaji mama. Wachimbaji hawaaminiani hata kidogo, na aliyekesha shimoni hawezi kumwachia mwenzake donge hata kwa dakika moja. Lakini mama yangu walimwachia. Alikuwa na jiko la mkaa, kifuniko cha kopo, na sifa ya kutopunguza chochote. Alikaa na donge mpaka linageuka manjano, analipuliza, analifunga kwenye karatasi, anamkabidhi mwenyewe. Ile ndiyo kazi iliyoninunulia sare na madaftari, ikanifikisha chuo, ambako nilivishwa glavu mbili mbili na barakoa, nikasimamishwa mbele ya kabati lenye feni inayovuta hewa nje, kwa ajili ya tone ambalo mama yangu asingeliona hata kwa miwani.

Mwaka wa kwanza wa shahada yangu ya pili nilienda nyumbani kwa Krismasi. Siku ya kuondoka, asubuhi, begi likiwa tayari mlangoni, nilizunguka nyuma ya nyumba kumuaga mama nikamkuta chini ya upenu ameinamia jiko. Anachoma. Hatua tatu tu kutoka pale, mabinti wawili wa marehemu mdogo wangu, mmoja wa miaka sita, mwingine minne, walikuwa wamekaa chini wanapika ugali wa udongo. Upepo ulikuwa unatoka kwake kwenda kwao. Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni.

"Mama, usichomee hapa," nikasema. "Huo mvuke ni sumu. Watoto wanavuta."

Akainua uso. "Sumu ya namna gani?"

Nikatoa simu, nikamwonyesha zile picha zangu za kijani. Nikamwambia hizi ni seli za damu, zinazotulinda na magonjwa, na hivi ndivyo zebaki inavyozifanya, tena ukizitazama hivi hivi huwezi kujua. Aliitazama simu kwa makini, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Umeyaona wewe mwenyewe haya?"

"Kwa macho yangu, mama."

"Haya," akasema. "Nimesikia mwanangu."

Tukaishia hapo. Bodaboda ilikuwa inapiga honi barabarani, nisingewahi basi la Mpwapwa. Nimelirudia tukio hili kichwani mara nyingi kuliko jaribio lolote la maabara, na kila mara naona pale ambapo sentensi moja ilipungua. Nilipaswa kusema, mama, acha kazi hii. Sikusema. Kwetu mtoto hamwambii mzazi wake aache. Unazunguka, unagusia, unamwachia nafasi ya kuamua mwenyewe ili isionekane umemwamuru. Na kwa kazi ile hasa, iliyonisomesha, ningeanzaje? Ningekuwa kama ninamtukana huku nimevaa viatu alivyoninunulia. Kwa hiyo nikasema usichomee hapa, watoto wanavuta, nikadhani mtu mwenye akili zake atamalizia mwenyewe.

Naye aliimalizia. Ila na yeye ana adabu zake. Mzazi wa zamani hamuulizi mtoto msomi swali mara mbili, anaona ni kumdharau, au ni kujidhalilisha mbele yake, sijui. Angeniuliza tu, basi nichomee wapi, mengine yote yasingetokea. Nami ningeuliza, utafanyaje sasa. Tulikuwa watu wawili tunaoheshimiana, na hakuna aliyeuliza.

Nilirudi Dodoma nimeridhika. Nakukumbuka kule kuridhika na kunaniudhi mpaka leo.

Mwaka mmoja baadaye mama alianza kuugua, kwa namna isiyo na jina. Kikohozi kiliisha kikarudi. Jipu lilitoka mgongoni, likapona, likatoka lingine. Jeraha dogo la jembe kwenye mguu lilikaa miezi bila kufunga. Zahanati walimpima malaria, hakuna. Wakampa dawa za vidonda, akapata nafuu, akaanza upya. Kwenye simu alikuwa anasema ni uzee tu, na mimi, ambaye siku nzima nashinda na seli zinazolinda mwili, nilimwambia ale matunda. Ndiyo, matunda.

Hatimaye nilimleta Dodoma akae kwangu apate hospitali kubwa. Wasichana wakabaki kwa jirani ili wasikose shule. Asubuhi ya kwanza nilimwekea chai na maandazi, nikageuka kuchukua sukari. Nilipogeuka tena, alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na bado chai ilikuwa inamwagika kwenye kanga. Alicheka kidogo kwa aibu. Nikaona ufizi wake umevimba, mwekundu. Hizo zote ni dalili za zebaki.

"Mama, bado unachoma?"

"Nachoma," akasema. "Lakini si pale. Tangu ile siku uliyoniambia, sijachomea pale hata mara moja."

"Unachomea wapi?"

Na hapo uso wake ukachangamka, kama mwanafunzi aliyepata swali analolijua. Akanieleza alivyopanga. Jiko letu la nje ni la miti na udongo, lina matundu kila mahali, moshi ungetoka tu. Kwa hiyo alichagua chumba cha wasichana, kwa sababu ndicho kilichopigwa plasta na ndicho chenye mlango unaofunga vizuri. Anasubiri waende shule. Anaingia na jiko la mkaa, anafunga dirisha, anasukumia gunia chini ya mlango ili kisitoke kitu, anachoma mpaka amalize. Kisha anafungua, anafagia, anatandika upya. Wasichana wakirudi wanakuta chumba kisafi.

"Hawajavuta hata kidogo," akasema. "Nafunga kabisa."

Nilitoka nje nikasimama kwenye ua, penye kamba za kuanikia nguo za wapangaji, nikashika nguzo. Jirani akaniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo, kichwa. Chini ya upenu upepo ungeuchukua mwingi wa ule mvuke. Mama yangu alikuwa amejifungia nao chumbani kwa mwaka na nusu, kwa kunitii.

Daktari aliyemwona alikuwa kijana, pengine mdogo kwangu. Aliposikia kazi yake aliweka kalamu chini. Mkojo ukapelekwa Dar es Salaam kupimwa, na majibu yalipokuja alituambia zebaki ipo, tena ipo juu sana. Vipimo vya damu vilionyesha seli nyeupe zimepungua, hasa zile aina ninazofanyia kazi mimi. Nilimwuliza kama ni zebaki iliyozipunguza. Akasema hawezi kuapa, mama ana umri, ana lishe ya shida, kuna mambo mengi. Alikuwa sahihi. Mimi mwenyewe ningemkaripia mwanafunzi ambaye angeandika hitimisho lile bila ushahidi. Akasema dawa za kuvuta zebaki mwilini zipo, ila pale walikuwa hawana, na angejaribu kuziulizia. Kwa sasa la kwanza ni kumweka mbali na mvuke, kutibu kila kidonda kinachokuja, na kusubiri. Nikamwambia kusubiri ndiyo kazi yangu.

Wiki ile nilienda kwa msimamizi wangu nikamwomba kitu cha kijinga. Nilitaka nichukue damu ya mama, nizitenge zile seli, niziwekee rangi, nione ni ngapi zinang'aa. Aliniacha nimalize. Kibali chetu hakiruhusu, akasema, na hilo nalijua. Kisha akaniuliza kwa upole, "Ukikuta zinakufa, utafanya nini? Na ukikuta ziko hai, utafanya nini?"

Miaka yote ile nilikuwa nimejifunza jinsi seli inavyokufa, hatua kwa hatua, dakika kwa dakika, na hakuna hatua hata moja niliyojifunza kuisimamisha. Nilirudi kwenye meza yangu, nikavaa glavu zangu mbili mbili. Kulikuwa na damu ya mwanafunzi mmoja mwenye afya, inasubiri. Nikazimwagia seli zake zebaki kama ilivyopangwa kwenye ratiba. Nilikuwa nalia ndani ya barakoa, na mkono haukutetemeka, jambo lililonichukiza zaidi.

Jumamosi yake nikaenda Kibakwe kuwachukua wasichana.

Jirani aliyewahifadhi ni mama wa makamo ambaye nimemwita shangazi tangu nikiwa mdogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, daktari," ingawa nimeshamwambia mara kumi kwamba mimi si daktari wa watu. Nikamwomba ufunguo wa kwetu. Njiani kwenda nyumbani alinipa habari za kijiji, na kati ya habari hizo akasema, bila kubadili sauti, kwamba siku hizi kule hakuna mchomaji hata mmoja anayechomea nje.

"Mama yako alitukataza," akasema. "Alikuja nyumba kwa nyumba. Alisema mwanangu ameona kwa macho yake. Sote tunaochoma tumehamia ndani."

Nikasimama. Nikajaribu kumweleza palepale barabarani, nikasema hapana shangazi, ndani ni hatari kuliko nje. Alinisikiliza kwa heshima, mikono ameikunja.

"Sasa tuchomee wapi?"

Swali lilelile ambalo mama hakuniuliza. Nikasema kuna chombo cha chuma chenye bomba, kinachonasa mvuke, ukilitumbukiza bomba kwenye maji zebaki inarudi. Akauliza kinapatikana wapi. Nikasema sijui kama Mpwapwa vipo. Nikasema basi nje, mbali na nyumba, mgongo kwenye upepo. Akasema nje mbali ndiko vibaka wanakosubiri. Nikasema basi muache, shangazi, muache kabisa. Safari hii nililisema, kwa mtu asiye mama yangu. Akacheka kwa huruma, akanigusa bega. "Wewe ulisoma kwa pesa ya nini?" akasema. "Wangu nao wanasoma."

Kwetu nilifungua mlango wa chumba cha wasichana. Kilikuwa kisafi kweli. Godoro moja sakafuni, blanketi limekunjwa, nguo za shule zimetundikwa kwenye msumari, daftari kwenye kigoda. Karibu na kichwa cha godoro, duara jeusi pale jiko lilipokuwa likikaa. Nilipiga magoti nikawasha tochi ya simu. Kwenye nyufa za saruji, mstari mzima kuelekea ukutani, kulikuwa na vitone vidogo vidogo vyeupe, vinavyong'aa. Nilikigusa kimoja kwa ncha ya kijiti, kikagawanyika viwili, vikakimbia.

Mvuke wa zebaki hauishi ukifungua dirisha. Unapoa, unatua kwenye ukuta, kwenye blanketi, kwenye sare, kwenye godoro. Bati likipata jua la mchana unapanda tena, polepole, siku baada ya siku. Mama alikuwa ameufungia ili usitoke kwenda kwa watoto, na watoto walikuwa wanakuja wenyewe kulala ndani yake. Mkubwa sasa ana miaka saba, mdogo mitano. Nikakumbuka navuta na mimi, nikatoka.

Sikuchukua nguo yao hata moja. Niliwaambia tutanunua mpya Dodoma, wakafurahi sana. Kwenye basi mdogo alinilalia begani akikohoa. Inaweza kuwa vumbi. Barabara ile ina vumbi, na mimi si mtu wa kuhitimisha bila ushahidi.

Tulifika Chang'ombe kesho yake mchana. Mama alikuwa amekaa kitandani ameegemea ukuta, amejifunga kanga mpya niliyomnunulia, na wasichana walimkimbilia wote wawili. Aliwashika vichwa, akawageuza nyuso, akawatazama macho, akawapapasa mikono kama anayekagua mbuzi mnadani. Aliwafanyia mzaha kwamba wamenenepa kwa jirani kuliko kwake. Nilipakua wali na maharage, wakakaa mkekani wakala. Mama akawa anawaangalia wanavyokula. Mikono yake ilikuwa imetulia kidogo siku ile, au labda ni kwa sababu alikuwa ameifumbata.

"Niambie wewe uliyesoma," akasema kwa sauti ndogo, ili wasisikie. "Mimi haya yangu nimeyakubali. Nilikuwa mle ndani. Lakini hawa hawakuvuta, sivyo?"

Mfukoni nilikuwa na karatasi niliyopewa na daktari kabla ya safari, ya kuwapeleka wasichana wote wawili kupimwa Jumatatu. Nilimtazama mama yangu. Nikawatazama wale watoto, mashavu yamejaa, hawana doa, ungeapa ni wazima.

"Hawakuvuta, mama."

Akashusha pumzi. Akavuta kanga mabegani, akaegemea tena ukuta, akafumba macho.

"Basi," akasema. "Afadhali ulisema mapema."